Nashoni Waisiko, Aliyevisha Injini Blanketi

Jiwe la msingi la kanisa letu hapa Gorong'a lina tarehe 9 Julai 1972, na asiyeamini anaweza kulisoma akipita mlangoni. Siku hiyo ilikuwa Jumapili. Watu walipokuwa wanaimba kuuzunguka msingi, mwanakwaya mmoja, Ghati, mke wa Mzee Waisiko, alitoka kwenye mstari akiwa ameshika kiuno, akaingia nyumba ya jirani, na kabla ya baraka ya mwisho akajifungua mtoto wa kiume. Huyo ndiye Nashoni. Mama yake alizoea kusema kwamba mtoto huyo na kanisa ni mapacha, ila kanisa halikumsumbua kunyonya.

Alikuwa mtoto wa nne katika nyumba ya wakulima na wafugaji. Baba na mama wamemtangulia. Kaka yake mkubwa, Mzee Sospeter Waisiko, ndiye aliyebaki kichwa cha familia.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1981 hadi 1987. Hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho. Walimu walimkumbuka kwa unadhifu wa daftari, na mama yake alimkumbuka kwa kuchelewa kurudi kutoka mashine ya kusaga. Alitumwa na debe la mahindi, akasimama kuangalia injini ya dizeli mpaka wenzake wote wakasaga na kuondoka. Siku moja alirudi na uso mweusi, kwa kuwa alikuwa ameinama kutazama mahali moshi unapotokea. Mama yake akamtazama, akasema, "Nilikutuma unga, mwanangu, sikukutuma masizi." Nyumba nzima ilicheka, na neno hilo likabaki kuwa jina lake la utani mpaka alipopata ndevu: Masizi.

Mwaka 1989 alijiunga na chuo cha ufundi Musoma, akamaliza mwaka 1991 akiwa fundi wa injini za dizeli. Mwaka uliofuata alikwenda Mwanza, akapata kazi katika gereji iliyotengeneza malori na injini za boti. Huko alifundishwa kazi na mtu aliyeitwa Fundi Deus, na huko ndiko alikojifunza kazi iliyompa jina na iliyomwondoa duniani.

Tabo, kwa wasioifahamu, ni kifaa kinachozungushwa na moshi wa injini ili kiisukumie injini hewa na kuipa nguvu. Gamba lake la chuma, upande ule moshi unakopita, hupata moto mpaka likawa jekundu kama kaa. Katika boti, ambamo injini hukaa karibu na mbao, gamba hilo likiachwa wazi linaweza kuchoma boti nzima. Fundi Deus alilifunika kwa kitambaa kizito cheupe kilichotolewa kwenye mabomba ya mvuke ya viwanda vilivyofungwa. Alimfundisha Nashoni kwamba joto likikaa ndani ya tabo linafanya kazi, likitoka nje linaharibu. Alimfundisha pia kwamba chuma kilichofunikwa vibaya huoza upesi kuliko kilichoachwa wazi. Jambo la tatu, kitambaa kile kilikuwa kitu gani, hakumfundisha, kwa sababu hata yeye hakulijua. Fundi Deus alikufa mwaka 2003 kwa kikohozi. Wakati ule watu walisema ni sigara.

Nashoni alirudi Tarime Januari 1995, akafungua gereji ndogo karibu na stendi ya mabasi. Mwezi Agosti mwaka huo binamu yake, Simioni, alikuwa anaendesha lori la pamba upande wa Busawe, wilaya ya Serengeti. Bomba la oili lilipasuka juu ya tabo iliyokuwa inawaka. Simioni angeweza kuruka. Alibaki kwenye usukani mpaka akaliondoa lori kati ya nyumba za watu, akaliingiza katika shamba lililokwisha vunwa, ndipo akatoka, naye ameshaungua. Alikufa siku ya tatu. Baada ya mazishi Nashoni alikwenda peke yake kulitazama lile lori. Aliporudi, Sospeter alimuuliza ameona nini.

"Nimeona tabo iliyokuwa uchi," alisema. "Ingevishwa, Simioni angekuwa hai."

Tangu hapo hakuna injini iliyopita mikononi mwake ikatoka bila kuvishwa. Alivisha malori, majenereta, kompresa za machimbo na makarasha ya kuvunja mawe. Madereva wa mabasi ya Mwanza walimfuata. Watu walisema "blanketi la Nashoni" kama wanavyotaja kitu cha dukani kinachojulikana.

Hakuanza kwa kupatia. Mvua za kwanza zilimuumbua. Mwaka 1998 alikuja kwake mchimbaji mmoja, Salvatori, aliyetoka Muleba kufuata dhahabu, akiwa na kompresa ambayo Nashoni alikuwa ameivisha miezi michache nyuma. Blanketi lilikuwa limenyonya maji ya mvua pamoja na maji makali ya mashimoni, likayafungia ndani. Gamba la tabo lilibanduka vipande vipande kama ganda la muhogo. Salvatori aliviweka vipande mezani.

"Fundi, naomba unisaidie. Ulimvika mgonjwa wangu blanketi au sanda?"

Mafundi wote wa gereji walicheka. Nashoni hakucheka. Aliirudia kazi ile toka mwanzo, na akabadilisha utaratibu wake wote. Kuanzia siku hiyo alikwangua kutu kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae, akakiosha kwa petroli, akakipaka rangi ya fedha inayostahimili moto, akaiwasha injini na kuiacha ikinguruma mpaka rangi ikakoma kutoa moshi. Ndipo alipokifunga kitambaa kwa waya usioshika kutu, na juu yake akaweka bati la kukinga mvua. Sehemu ya katikati, inapopita oili, aliiacha wazi, maana oili ikifungiwa joto inaungua na kuganda. Kompresa ya Salvatori haikusumbua tena. Wawili hao wakawa marafiki wa kutaniana. Nashoni alimwita "Mhaya wangu", naye Salvatori akamwita "mura", neno la Wakurya la kumwita kijana, hata baada ya wote wawili kuota vitambi.

Mke wake alimpata kwa njia ya kazi hiyo hiyo. Rahabu alikuwa binti aliyeuza chai na maandazi stendi, mita chache kutoka gereji. Asubuhi chai yake iliisha upesi, lakini mabasi ya saa nne yalipoingia birika lilikuwa limeshapoa, abiria wakamkimbia. Siku moja Nashoni aliomba birika lile, akarudi nalo jioni likiwa limeshonewa koti jeupe la kitambaa cha tabo, na mkono wa birika umeachwa wazi ili upoe, Rahabu asiungue. Kesho yake chai ya alfajiri ilinywewa saa nne ikiwa ya moto. Rahabu alimwambia, "Fundi, sasa watu watasema nimeroga birika." Nashoni akajibu, "Waambie limeolewa." Walifunga ndoa Tarime tarehe 28 Desemba 1996. Rahabu aliendelea kulitumia birika lile miaka mingi, na hata lilipotoboka hakulitupa. Aliliweka juu ya kabati chumbani, na koti lake.

Walijaliwa watoto watatu: Nice, Elia na Eunice.

Kitambaa kilichokuwa kinapatikana kilikuwa cha zamani na kigumu. Kilipaswa kulainishwa kabla ya kufungwa. Fundi Deus alikilainisha kwa kukisugua. Nashoni, mtoto wa wakulima, aliona njia nyepesi zaidi: alikitandaza juu ya ngozi ya ng'ombe uani, akakipura kwa fimbo, kama tunavyopura ulezi. Yeye alisimama upande mmoja, Rahabu upande wa pili, na fimbo zikapokezana. Vumbi jeupe lilipanda, likatua kwenye nywele, kwenye nguo zilizoanikwa na kwenye sufuria. Nice na Elia walipokuwa wadogo walipenda sana siku hizo. Walikaa katikati ya vumbi mpaka vichwa vikawa vyeupe, wakashika vijiti, wakatembea wameinama na kuitikiana, "Shikamoo, babu," "Marahaba, bibi." Wazazi wao walicheka mpaka wakashindwa kupura. Anayesikia hili leo atasema walipaswa kujua. Katika ua ule hakuna aliyekuwa amewahi kuambiwa. Kitambaa kilikuwa safi kwa macho, hakikunuka, hakikuwasha, na kiliokoa watu wasiungue kama Simioni.

Kilikwisha mwaka 2011, kabla Eunice hajazaliwa. Kuanzia hapo Nashoni alinunua kitambaa cha nyuzi za kioo kilichopitia mpaka wa Sirari, akasahau kile cha zamani. Lakini kile cha zamani kilibaki kwenye injini alizokuwa amezivisha, chini ya bati, kikivumilia kama alivyokikusudia.

Alianza kukohoa mwishoni mwa mwaka 2022. Alitumia dawa za kikohozi, akapata nafuu kidogo, akarudi gereji. Mwaka uliofuata alianza kuishiwa pumzi akipanda ngazi tatu za kanisa. Februari 2024 kifua kilijaa maji, akapelekwa Mwanza. Tarehe 12 Machi 2024 daktari aliwaita yeye na Rahabu, akawaambia ni saratani ya utando wa mapafu, na kwamba imekwenda mbali. Kisha akauliza mambo ambayo hawakuyatarajia.

"Baba, umefanya kazi gani maishani?"

"Ufundi. Navisha tabo."

"Unazivisha kwa kitu gani?"

Nashoni akakieleza kile kitambaa, uzito wake, rangi yake na kilikotoka. Daktari alisikiliza mpaka mwisho, akawaambia jina lake: asbestosi. Akawaambia kwamba vumbi lake likiingia kifuani halitoki, na kwamba linaweza kukaa miaka thelathini kabla ya kudai.

"Nguo zako za kazi," daktari akauliza, "nani alizifua?"

 Nashoni aliinamisha kichwa. Rahabu ndiye aliyejibu.

"Mimi. Na kukipura nilikipura mimi pia. Watoto walikuwapo."

Daktari alisema Rahabu apigwe picha ya kifua siku hiyo hiyo, na watoto wawili wakubwa waletwe. Rahabu alisimama, akafunga kanga yake vizuri. "Tumeleta mgonjwa mmoja," alisema. "Tumtibu huyu kwanza."

Hapo ndipo ulipoanza ubishi pekee ambao majirani waliwahi kuusikia katika nyumba ile. Kila mara Nashoni alipokwenda Mwanza alimwomba mkewe apimwe, na kila mara Rahabu alikuwa na sababu. Nani atamshika akitapika? Nani atamkorogea uji? Mahindi yako shambani. Eunice ana mitihani. Mwishowe akakosa sababu, akasema wazi: "Nikipimwa nikakutwa nao, nani atakuuguza wewe? Acha nisijue kwanza." Nice na Elia nao walisema hawaendi bila mama yao.

Marehemu hakumshinda mkewe, lakini hakukaa. Muda uliobaki aliutumia kutembelea injini alizozivisha kabla ya 2011. Elia, aliyerithi ufundi wake, alimbeba kwa pikipiki, na walisimama mara kwa mara ili avute pumzi. Kila walipofika, Elia alivaa barakoa, akamwagia blanketi maji mengi mpaka likalowa chepechepe, akakata waya taratibu bila kukichana kitambaa, akakiweka katika mifuko miwili ya nailoni na kuifunga. Mahali pake walifunga ngao ya chuma iliyokatwa kwenye pipa, ikiwa imeachana na gamba kwa upana wa vidole viwili. Hewa ilipita katikati, joto likakingwa, na maji ya mvua hayakupata pa kukaa. Wenye mashine wengi walikubali. Wengine walinung'unika kwamba fundi anavunja kazi yake mwenyewe.

Aliyekataa ni Salvatori. Kwa sasa ana karasha huko Busawe, na injini yake ilikuwa bado imevaa blanketi la zamani. Walifika kwake Juni mwaka jana.

"Mura, umekonda mpaka suruali inakutafuta," Salvatori alisema, akimletea kiti.

"Nimekuja kukuvulia blanketi, Mhaya wangu."

"Hili? Tangu ulifunge halijawahi kuniudhi. Nenda ukapumzike, wewe ni mgonjwa. Usinivulie mashine inayonilisha."

"Lina vumbi baya. Ndilo lililoniweka hivi."

Salvatori alinyoosha mkono kuonyesha karasha, mawe yanayosagwa na vijana waliofunikwa na unga wa mawe mpaka kope. "Machimbo yote haya ni vumbi. Unaliogopa la kwako tu?"

Elia anasema baba yake aliwatazama vijana wale, kwa sababu lile lilikuwa swali la kweli. Kisha akasema, "Hilo la mawe nimelikuta. La kwangu nimelileta mimi."

Salvatori aliahidi kulivua mvua zikianza. Mvua zilianza, zikaisha, zikaanza tena. Hakulivua.

Rahabu pia alikataa kutoa kimoja. Siku Nashoni alipotazama juu ya kabati na kusema, "Mama Nice, na lile la birika nalo," alijibiwa, "Lile hutalichukua. Lile ni langu." Nashoni hakulitaja tena. Alimwomba Elia alifunge kwenye nailoni mahali lilipo.

Mwezi Julai mwaka huu aliomba arudishwe Gorong'a, nyumbani kwao. Mwezi Agosti alimwita kaka yake. Wote tunajua desturi ya nyumba hii: mjane hatoki nje ya boma mpaka matanga yaanuliwe, na akitoka huonekana amemwacha mumewe kabla kaburi halijakauka. Nashoni alikuwa ameshapiga hesabu yake. Alijua kwamba akifa, huzuni, desturi na ukaidi wa Mama Nice vitashirikiana kumweka nyumbani.

"Kaka," alisema, "nikifa, usimkalishe Rahabu. Mpeleke Mwanza. Yeye na watoto."

"Unaongea kama mtu aliyekwisha kukata tiketi," Sospeter alimjibu.

"Nimekata. Nakuomba hilo tu."

"Mjane atoke udongo ukiwa mbichi? Watu watasema nini?"

"Watasema mengi. Wakati huo mimi sitasikia, na wewe umezoea kusemwa."

Mzee Sospeter hakukubali siku hiyo, wala hakukataa. Alisema atafikiri.

Nashoni Waisiko alifariki Jumatatu tarehe 15 Septemba 2025, saa tatu asubuhi, Rahabu akimnywesha uji. Alimeza kijiko kimoja, cha pili kikabaki mdomoni. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na mitatu. Kichwa chake kilikuwa hakijatoa hata unywele mmoja mweupe.

Juzi Alhamisi mchana, watu wakiwa wamekaa msibani, lilifika gari dogo la mizigo kutoka Busawe. Alishuka Salvatori, begani amebeba gunia. Alipita katikati ya waombolezaji, akalitua gunia mbele ya Rahabu, akapiga magoti. Alikuwa ameivua injini yake. Alikuwa amelileta blanketi ili marehemu azikwe akijua ametiiwa. Nguo zake, nyusi zake na mikono yake vilikuwa vyeupe.

"Nimelivua, shemeji. Nilimkatalia akiwa hai. Nimelivua sasa."

Wanawake walianza kulia upya. Rahabu hakulia. Alilitazama gunia, kisha akazitazama nyusi za Salvatori.

"Ulililowesha maji kwanza?"

Salvatori aliitazama mikono yake.

"Ulivaa kitu usoni?"

"Nilikuwa na haraka, shemeji. Niliogopa mtamzika kabla sijafika. Nimelichana kwa mikono."

Rahabu aliinuka. Aliwaambia watu wasogee upande upepo unakotoka. Alimwagiza Elia alete maji, na yeye mwenyewe akajifunika pua kwa kanga iliyoloweshwa, akalimwagia gunia ndoo kwa ndoo mpaka maji yakatoka chini. Alimwamuru Salvatori aoge na nguo zake mwilini. Kisha aliingia chumbani, akatoka na birika la zamani, alilokuja nalo kutoka Tarime, katika nailoni yake. Alilishika kidogo. Akafungua nailoni ndani ya ndoo ya maji, akalivua birika koti lake, akaliweka lile koti guniani pamoja na lile la tabo, na Elia akafunga.

"Shemeji," alimwambia Salvatori, aliyekuwa ametota na kutetemeka, "Jumatatu unapanda basi na mimi."

Maneno hayo yalisikiwa na wote waliokuwapo. Nice alimtazama baba yake mkubwa, nao wazee wengine wakamtazama. Mzee Sospeter alisimama.

"Mmemsikia," alisema. "Anayetaka kumsema mjane, aje aniseme mimi kwanza. Nipo, siendi popote."

Marehemu aliomba jambo moja lisemwe mbele ya jeneza lake. Wapo hapa leo wenye malori, majenereta na makarasha aliyoyavisha kabla ya mwaka 2011. Msiyavue wenyewe. Msichane, msipure, msipulizie hewa ya kompresa. Elia atakuja na maji, mifuko na ngao ya chuma, na ataifanya kazi hiyo kama baba yake alivyomwonyesha. Mpaka atakapofika, acheni blanketi lilivyo, na watoto wasikae karibu.

Marehemu ameacha mjane, Rahabu, mabinti wawili, Nice na Eunice, mwana mmoja, Elia, mjukuu mmoja anayeitwa kwa jina lake, kaka yake Mzee Sospeter na familia yake, shemeji, wapwa, mafundi aliowafundisha, na rafiki yake Salvatori.

Alikingia wengine moto kwa miaka thelathini, na pumzi yake ilimwia nzito mpaka siku ya mwisho. Mungu ampokee mahali ambapo kifua hakibani, ampumzishe humo.

Baada ya kaburi kufunikwa, gunia litafukiwa katika shimo la peke yake lililochimbwa juu ya kilima, mbali na kisima na mbali na njia ya ng'ombe. Mwombolezaji yeyote asilisogelee. Jumatatu tarehe 22 Septemba, basi la alfajiri la Tarime kwenda Mwanza litawabeba Rahabu, Nice, Elia na Salvatori kwenda kupigwa picha za kifua. Matanga yataendelea hapa nyumbani bila mjane, na Mzee Sospeter ndiye atakayekaa mahali pake.